Namba tasa inayovuka ziwa

Mikebuka kumi na wawili waliopangwa kwenye mkeka sokoni Baraka humpa muuzaji nafasi ya kuchagua. Atawagawa mafungu mawili ya sita sita, au matatu ya wanne wanne, au manne ya watatu watatu, au sita ya wawili wawili. Aongezwe samaki mmoja tu, wawe kumi na watatu, na hesabu yote inaharibika. Akipanga wawili wawili, mmoja anabaki pembeni. Watatu watatu, mmoja anabaki. Wanne wanne, vilevile. Akijaribu watano watano wanabaki watatu. Mwisho wake huyo mmoja hutupwa juu ya fungu la mteja wa kwanza kuwa nyongeza, na soko linaendelea.

Kumi na tatu ni namba tasa. Haikubali kugawanywa kwa mafungu yaliyo sawa, isipokuwa fungu moja lenye samaki wote, au mafungu kumi na matatu ya samaki mmoja mmoja. Ndivyo zilivyo pia 2, 3, 5, 7, 11, 17 na 19. Huku kwetu Fizi, mashariki ya Kongo, mwanafunzi wa madarasa ya juu anazisoma kwa Kifaransa, na lugha hiyo inaziita namba za kwanza. Ng'ambo ya ziwa, Kigoma, mtoto wa shule ya msingi anazisoma kwa Kiswahili na kuziita tasa.

Neno tasa ni zito, na wanawake wengi wameumizwa nalo. Kwa namba hizi naona pia si la haki. Ni kweli kwamba hakuna namba mbili ndogo zilizozidishwa zikaizaa 13. Lakini hizo hizo tasa ndizo zinazozaa nyingine zote: 12 ni 2 mara 2 mara 3, na 60 ni 2 mara 2 mara 3 mara 5. Kila namba nzima inayozidi 1, kama si tasa yenyewe, imejengwa kwa tasa, na kwa njia moja tu. Ningepewa mimi kuzipa jina, ningeziita namba mama.

Nimeanzia sokoni kwa sababu namba tasa ninayotaka kuieleza leo imo mfukoni mwa yule muuzaji, ndani ya simu yake. Ina tarakimu 77, na naiandika yote hapa, tarakimu tano tano ili macho yasipotee:

57896 04461 86580 97711 78549 25043 43953 92663 49923 32820 28201 97287 92003 95656 48199 49

Tangu Aprili 2016, WhatsApp hufunga kwa ufunguo kila ujumbe, kila picha na kila sauti inayotumwa, hata kampuni yenyewe isiweze kuusoma. Kabla ujumbe wa kwanza haujafungwa, simu mbili hukubaliana ufunguo kwa hesabu iliyosimama juu ya namba hiyo. Programu ya Signal nayo hufanya hivyo hivyo. Mtu wa Baraka anayemwandikia ndugu yake kambini Nyarugusu, wilayani Kasulu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 vita vilipowavusha watu wetu ziwa, anapitisha maneno yake juu ya namba hii. Hajawahi kuiona, wala hakuambiwa kwamba ipo.

Tuitazame kwa karibu, maana ina sura yake.

Chukua ndagala mmoja, mfanye wawili, wawili uwafanye wanne, wanne wawe wanane. Ukirudia mara 10 unao 1,024. Ukirudia mara 20 umevuka milioni moja. Ukirudia mara 255 unafika kwenye namba inayomalizikia na 968, ambayo wanahisabati huiandika kwa ufupi kuwa 2 kwa kipeo cha 255. Sasa anza kushuka kutoka hapo ukitafuta tasa ya kwanza. Zile shufwa ziache, maana zote zinagawanyika kwa 2. Punguza 1, inagawanyika kwa 7. Punguza 3, inamalizikia na 965, na kila mtu anajua namba yenye 5 mwishoni ni ya nani. Punguza 5, inagawanyika kwa 3. Endelea hivyo, kila unapokanyaga pana kigawo, mpaka ufike hatua ya 19. Hapo ndipo inaposimama tasa yetu, inamalizikia na 949. Hakuna nyingine kati yake na kile kipeo.

Kwamba tasa imepatikana karibu namna hiyo ni jambo la kufurahia. Namba zenye ukubwa huo ni adimu kuwa tasa: kwa wastani ni moja katika kila 177. Na ukaribu huo ndio faida yake kubwa. Kompyuta huhesabu kwa vipeo vya 2. Matokeo yanapozidi kile kipeo, simu haihitaji kugawanya kwa namba ndefu. Inachukua kilichozidi, inakizidisha kwa 19, inakirudisha kwenye hesabu. Kazi ambayo ingeichosha simu ya bei ndogo inamalizika upesi. Mahali ambapo watu hulipia kuchaji simu kwenye paneli za jua, wepesi huo ni pesa.

Inayo tabia nyingine ambayo msomaji anaweza kuihakiki kwa macho. Tazama tarakimu mbili za mwisho: 49. Ukigawanya kwa 4 inabaki 1, na kwa hiyo namba nzima ikigawanywa kwa 4 inabaki 1. Pierre de Fermat, mwanasheria Mfaransa aliyependa hesabu kuliko kesi zake, alisema mwaka 1640 kwamba tasa yoyote ya namna hii ni jumla ya miraba miwili, na Leonhard Euler akalithibitisha katika karne iliyofuata. Rudi kwenye samaki wetu 13: wapange watatu kwa watatu upande mmoja na wawili kwa wawili upande wa pili, 9 na 4, hakuna anayebaki. Samaki 11 hawawezi kupangwa hivyo, wala 19, hata ukeshe. Namba yetu ya tarakimu 77 inaweza.

Na tumejuaje kwamba ni tasa kweli? Hakuna aliyekaa akaijaribu kwa kila kigawo. Maisha ya dunia yasingetosha. Njia iliyotumika ni kumhoji jirani. Punguza 1 tu. Kinachobaki kinagawanyika kwa 4, kwa 3, na kwa 65,147, kisha kinabaki kigawo kimoja cha tarakimu 71 ambacho nacho ni tasa. Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alionyesha katika karne ya 19 kwamba ukiwajua wazazi wote wa jirani huyo, unaweza kuthibitisha utasa wa namba yenyewe bila shaka yoyote.

Lakini kwa nini lazima iwe tasa? Jibu limo katika namna tunavyohesabu saa na siku.

Mgonjwa akiambiwa ameze dawa kila baada ya saa tatu, akaanza saa tatu, atameza saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na mbili, kisha anarudi palepale. Saa moja haitaguswa kamwe, wala saa nane. Saa yetu ina 12, na 12 ina vigawo, hivyo mwendo wa tatu tatu unazunguka njia fupi na kuacha mashimo. Sasa fikiria mashua inayofika kila baada ya siku tatu, ya kwanza ikiwa Jumatatu. Itafika Alhamisi, Jumapili, Jumatano, Jumamosi, Jumanne, Ijumaa, ndipo irudi Jumatatu. Imegusa siku zote saba. Ukibadilisha iwe kila siku mbili, au tano, matokeo ni yaleyale, kwa sababu 7 ni tasa. Kwenye mzunguko wa tasa hakuna njia ya mkato na hakuna kona iliyosahauliwa. Anayetaka kukufuatilia hapati mahali pembamba pa kukuvizia.

Sasa tufanye mfano mdogo, na naomba msomaji ashike kalamu. Mama yuko Baraka, binti yake yuko Nyarugusu. Wanataka kuwa na namba moja ya siri, lakini njia pekee ya kuwasiliana ni vikaratasi visivyo na bahasha anavyobeba mtu wa mashua, naye ni mtu wa kusoma kila kitu. Wanakubaliana hadharani kutumia tasa 19 na namba 2. Mwenye mashua anazijua zote mbili.

Mama anachagua moyoni namba 5, hamwambii mtu. Anazidisha 2 kwa yenyewe mpaka ziwe 2 tano: anapata 32. Anatoa 19, inabaki 13. Anaandika 13 kwenye karatasi. Binti amechagua 7. Anazidisha 2 saba, anapata 128, anatoa 19 mara sita, inabaki 14. Anaandika 14. Vikaratasi vinapishana ziwani, na mwenye mashua amevisoma vyote.

Mama anapokea 14. Anazidisha 14 tano, kwa ile siri yake, na kila inapozidi anatoa 19. Mara ya pili anapata 196, inayoacha baki ya 6. 6 mara 14 ni 84, inabaki 8. 8 mara 14 ni 112, inabaki 17. 17 mara 14 ni 238, inabaki 10. Binti naye anachukua 13, anazidisha saba kwa mtindo huohuo. Fanya mwenyewe, utafika 10. Wote wawili wanayo 10, na 10 haikuandikwa kwenye karatasi yoyote. Mwenye mashua ana 19, 2, 13 na 14 mkononi, lakini siri hana.

Bila shaka kwa 19 atajaribu mara 18 na kuipata. Kwa tasa ya tarakimu 77 hali ni nyingine. Simu zetu hazizidishi namba kavu kama mama na binti wa mfano wangu. Zinarukaruka juu ya nukta za mstari uliopinda, ila mwendo ni huohuo, na kila hesabu inarudishwa ndani ya tasa yetu. Chukua kompyuta bilioni moja, kila moja ikipiga hatua trilioni moja kwa sekunde, kwa njia bora tunayoijua leo. Zitahitaji zaidi ya miaka bilioni 2 kuufikia ufunguo mmoja.

Fizi ilikwisha kuona namba zikitumika kuficha watu. Tarehe 24 Aprili 1965, kikundi cha Wakuba kilivuka ziwa kutoka Kigoma kikatua Kibamba, kwenye pwani yetu. Majina yao yalikuwa yamefichwa kwa namba za Kiswahili. Kamanda wao mweusi, Víctor Dreke, aliitwa Moja. Mwenzake aliitwa Mbili. Wa tatu, aliyetajwa kwa wenyeji kuwa daktari, aliitwa Tatu, naye alikuwa Ernesto Che Guevara, ambaye wakati huo dunia nzima ilikuwa inauliza yuko wapi. Waliondoka Novemba mwaka huohuo. Siri ile ilikuwa ya aina ya kale: ilidumu kwa muda ambao hakuna aliyefungua mdomo. Mtu mmoja akisema Tatu ni nani, imekwisha. Tasa ya simu zetu haifichwi. Imechapishwa kwenye vitabu, na leo imechapishwa hapa gazetini, na kuijua hakumsaidii mwizi hata kidogo.

Aliyeichagua ni Daniel Bernstein, mwanahisabati wa Marekani, katika kazi aliyoichapisha mwaka 2006. Huyu si mtu wa kuandika karatasi na kukaa kimya. Mwaka 1995, akiwa bado mwanafunzi, aliishtaki serikali ya nchi yake kwa sababu sheria ilihesabu programu za kufunga siri kuwa silaha, zisizoruhusiwa kuvuka mpaka bila kibali. Mwaka 1999 mahakama ya rufaa iliamua kwamba programu iliyoandikwa ni maneno, na maneno yana ulinzi wa katiba. Kisha mwaka 2013 nyaraka za siri za serikali alizozifichua Edward Snowden zikawafanya wengi washuku namba zilizopendekezwa na taasisi za serikali bila maelezo ya zilikotoka. Namba ya Bernstein haikuwa na la kuficha: ni ile tasa ya kwanza chini ya kipeo cha 255, na mtu yeyote anaweza kushuka ngazi akaikuta. Ndiyo maana ilikubalika.

Ziko tasa kubwa kuliko hii kwa mbali. Oktoba 2024 Mmarekani Luke Durant alipata kubwa kuliko zote zinazojulikana: chukua 2 kwa kipeo cha 136,279,841, kisha punguza 1. Ina tarakimu 41,024,320, na gazeti lenye tarakimu 5,000 kila ukurasa lingehitaji kurasa zaidi ya 8,200 kuichapisha. Naisifu kazi hiyo, lakini kwa kufunga ujumbe haifai, ni nzito mno. Na mbio hizo hazina mwisho: Euclid alithibitisha kule Alexandria, Misri, yapata miaka 2,300 iliyopita, kwamba tasa haziishi. Baada yake, mjini humohumo, Eratosthenes, mzaliwa wa Cyrene katika Libya ya leo, alitengeneza chekeche la kuzichambua ambalo walimu wanalitumia mpaka sasa. Wote hao waliandika Kigiriki, ila kazi waliifanyia kwenye ardhi ya Afrika.

Nami siwezi kuandika habari za tasa nikiwa Kivu bila kutaja Ishango. Panda kutoka kwetu ukifuata bonde kuu la maziwa, pita ziwa Kivu, fika ziwa Edward, mahali mto Semliki unapotoka. Hapo, mwaka 1950, mwanajiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua kimfupa kinachokaribia sentimita 10, chenye kipande cha jiwe la kwazi kichwani. Umri wake unakadiriwa kufikia miaka 20,000 au zaidi. Kimekatwa mikwaju iliyopangwa kwa mafungu, katika safu tatu. Safu moja ina mafungu ya 11, 13, 17 na 19. Hizo ndizo tasa zote zilizo kati ya 10 na 20, hakuna iliyokosekana na hakuna iliyozidi. Ukizijumlisha unapata 60. Safu nyingine ina 11, 21, 19 na 9, nazo jumla yake ni 60.

Wako waliosema mwenye mfupa alizijua tasa. Mtafiti Alexander Marshack alisema ni kalenda ya mwezi. Wengine wanasema ni mikwaju ya kuushika mfupa usiteleze mkononi. Mimi sitadai kwamba mvuvi wa Ishango alijua nadharia ya Euclid; kuzijua tasa kunahitaji kwanza kujua kugawanya, na mfupa hautuonyeshi hilo. Lakini naona mtu aliyekata mafungu hayo alikuwa anahesabu, hapa mashariki ya Kongo, kando ya maji yenye samaki, kabla ya Misri na kabla ya Ugiriki. Mfupa wenyewe umehifadhiwa Brussels, katika taasisi ya sayansi asilia. Ningependa urudi. Hata usiporudi, kila mwalimu wa hesabu wa Fizi anaweza kuchora mikwaju ile ubaoni kesho asubuhi, na darasa likaihesabu.

Kinga hii ina mipaka yake. Ukiacha simu wazi mezani, hakuna tasa itakayomzuia jirani kusoma. Simu ikinyang'anywa barabarani nawe ukalazimishwa kuifungua, hesabu imekwisha. Kufungwa kwa ujumbe hakufichi kwamba fulani alimwandikia fulani, wala saa aliyomwandikia. Na kuna kompyuta za aina mpya zinazojengwa ambazo, zikikomaa, zitaivunja hesabu hii. Njia ya kuivunja, mwanahisabati Peter Shor aliionyesha mwaka 1994. Signal ilianza kuongeza kufuli la pili la kujikinga nazo mwaka 2023.

Leo jioni, ukishanunua mega, fungua mazungumzo ya WhatsApp na yaya yako aliye ng'ambo. Gusa jina lake juu, shuka mpaka penye alama ya kufuli, uiguse. Utaona tarakimu 60, zimepangwa mafungu 12 ya tano tano. Zimekokotolewa kutokana na funguo zenu wawili, funguo zilizozaliwa juu ya ile tasa ya tarakimu 77. Mpigie simu, mwambie afungue kwake, kisha msomeane fungu kwa fungu mpaka la mwisho. Yakilingana yote, hakuna aliyekaa katikati yenu.